Sara Allgood: Ilikuwaje malkia wa Abbey akaishia mpishi wa sinema?

Mwaka 1950 kampuni ya 20th Century-Fox ilitoa filamu ya vichekesho, Cheaper by the Dozen, kuhusu familia ya Kimarekani yenye watoto 12. Baba anaendesha nyumba kwa saa na ratiba, watoto wamejaa kila kona, na huko nyuma yumo mpishi wao, Bi Monahan, mama mtu mzima mwenye lafudhi ya Ayalandi. Anaingia, anasema lake, anarudi zake jikoni. Wengi waliokata tiketi hawakuwa na habari kwamba mwanamke yule, miaka 26 kabla, alikuwa ameufanya ukumbi mzima wa maigizo wa Abbey, mjini Dublin, utokwe machozi, na kwamba wapo waliokuwa tayari kuapa kuwa Ayalandi haijapata kuwa na mwigizaji wa kike kama yeye. Jina lake Sara Allgood. Septemba ya mwaka huohuo alifariki California.

Ukisoma habari zake hapa na pale, utaambiwa kwamba Hollywood ilimmaliza: ilimchukua bingwa wa jukwaa ikamvalisha aproni. Huo si uongo, lakini umeruka nusu ya mambo. Mimi naona fundo hili lilianza kufungwa Dublin, na waliolifunga ni watu waliomthamini, miaka mingi kabla hajaiona California. Kulifungua inabidi tuanze na ukumbi wenyewe, tuone ulivyoendeshwa, nani alipewa sehemu gani, na nani alilipwa nini.

Sara alizaliwa Dublin karibu na mwaka 1880. Baba yake, George Allgood, alikuwa Mprotestanti, kazi yake kupanga herufi za chapa kiwandani. Mama yake alikuwa Mkatoliki. Katika Ayalandi ya siku zile nyumba yenye dini mbili haikosi mvutano, na baba hakutaka kusikia habari za nyimbo wala maigizo. Aliyemwachia nafasi mtoto ni mama. Baba alipofariki, watoto walikuwa wengi na fedha hakuna, na Sara akaenda kujifunza kazi kwa fundi wa kuvisha viti na makochi.

Ayalandi nzima wakati huo ilikuwa chini ya Uingereza, na Dublin ilikuwa inachemka kwa utaifa. Mwaka 1900 mwanaharakati Maud Gonne alianzisha jumuiya ya wanawake, Inghinidhe na hÉireann, yaani Mabinti wa Ayalandi. Jioni walifundishana historia, lugha ya Kiayalandi, nyimbo na maigizo. Ndiko Sara alikoingia, na ndiko alikowakuta akina Fay, ndugu wawili waliokuwa na wazimu wa jukwaa. William alikuwa fundi umeme, Frank karani. Frank ndiye wa kumkumbuka hapa, maana alishughulika na sauti tu: irabu itoke vipi, pumzi ishikwe wapi, mstari wa shairi uishe bila kufa. Sara alikuja na sauti nzito na tamu ya asili. Frank akamfundisha kuitumia. Sauti hiyo ndiyo mali aliyoishi kwayo mpaka mwisho, kwa sababu mzuri wa sura, kwa vipimo vya matangazo ya tamthilia, hakuwa.

Ukumbi usiotaka nyota

Ukumbi wa Abbey ulifunguliwa tarehe 27 Desemba 1904. Fedha zilitoka kwa Annie Horniman, Mwingereza aliyerithi utajiri wa biashara ya majani ya chai, naye akanunua jengo na kulikarabati. Usiku wa kwanza Sara alikuwamo katika kichekesho cha Lady Gregory, Spreading the News. Kisa chenyewe: sokoni, mtu anasahau uma wake wa nyasi, mwenzake anaushika na kumkimbilia amrudishie. Aliyeona anamwambia asiyeona, na baada ya midomo minne mitano habari imeshakuwa ya mauaji na polisi wamefika. Sara alicheza mke wa yule maskini aliyetaka tu kurudisha uma.

Mpaka hapo kundi lilikuwa la watu wa kujitolea. Mchana wanauza duka au kuandika vitabu vya hesabu, usiku wanaigiza, na kila mwanachama ana kura. Mwaka 1905 mambo yaligeuka: Horniman alikubali kutoa fedha za mishahara, kundi likasajiliwa kama kampuni, na mamlaka yakakaa mikononi mwa wakurugenzi watatu, W. B. Yeats, Lady Gregory na J. M. Synge. Wote watatu ni waandishi, wote wa tabaka la wenye ardhi au karibu nalo. Waigizaji wakawa waajiriwa. Baadhi walikasirika wakajitoa, wakisema chombo cha taifa kimegeuzwa mali ya watu watatu na mfadhili wa Kiingereza. Sara alibaki. Wako wanaomsema kwa hilo, lakini mtu aliyetoka kushona makochi, akaambiwa atalipwa kwa kuigiza, sijui alitegemewa ajibu nini.

Walipoondoka wale, yeye akawa mwigizaji mkuu wa kike. Ila cheo hicho Abbey kilikuwa na maana yake. Akina Fay walifundisha mtindo wa utulivu: anayesema ndiye anayetazamwa, wengine wote wanasimama na kusikiliza, hakuna kutapatapa mikono wala kumwibia mwenzako macho ya watazamaji. Kwa tamthilia za vijijini zilizoandikwa na Synge na Lady Gregory mtindo huo ulifaa sana, na Sara aliumudu kuliko wote. Aliweza kusimama kimya ukamwona anafikiri.

Yeats kwa upande wake alitaka pia malkia. Novemba 1906, alipoonyesha kwa mara ya kwanza Deirdre, tamthilia yake ya kishairi kuhusu binti wa hadithi za kale ambaye uzuri wake ulileta maangamizi, sehemu ya Deirdre hakumpa Sara. Alileta mwigizaji kutoka Uingereza, Letitia Darragh. Miaka miwili baadaye akaja nyota mkubwa wa London, Bi Patrick Campbell, kuicheza sehemu hiyohiyo palepale Abbey. Sara alikuwa mwanamuziki wa kwanza, yaani mmoja wa wanawake watatu wanaokaa pembeni, wanaimba na kusimulia yanayompata mwingine.

Hapo ndipo fundo lilipofungwa mara ya kwanza. Nyumbani kwake mwenyewe, akiwa na miaka ishirini na kitu, tayari kulikuwa na mgawanyo: mabinti wa kifalme kwa wageni, na wajane, wake na mama wa kijijini kwa Sara. Kila alipowacheza vizuri zaidi, ndivyo ilivyozidi kuonekana kwamba hao ndio aliozaliwa kuwacheza.

Januari 1907 ilipofika zamu ya The Playboy of the Western World, tamthilia ya Synge kuhusu kijana anayesifiwa kijijini kwa kudai amemuua baba yake, msichana anayependwa, Pegeen, alichezwa na Molly, mdogo wake Sara, aliyejulikana jukwaani kama Máire O'Neill. Sara akapewa Mjane Quin. Tamthilia hiyo ndiyo iliyoleta vurugu za siku kadhaa ukumbini. Watu walizomea, wakapiga matarumbeta, polisi wakaitwa, kwa kuwa waliona wakulima wa Ayalandi wamedhalilishwa, na usiku wa kwanza ukumbi ulilipuka lilipotajwa vazi la ndani la wanawake, shimizi. Waigizaji waliendelea kucheza ingawa hakuna aliyewasikia. Molly alikuwa mchumba wa Synge. Synge alifariki 1909 kabla hawajaoana.

Fedha ilikokuwa

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu kisa hiki hakieleweki bila hesabu. Abbey ilikuwa na sifa hadi Marekani, lakini ilikuwa ukumbi mdogo wenye viti vipatavyo 560 katika mji usio na tajiri wengi. Mishahara ilikuwa ya kujikimu. Horniman alijitoa mwaka 1910 baada ya ukumbi kufunguliwa siku iliyofuata kifo cha Mfalme Edward wa Saba, badala ya kufungwa kwa maombolezo, na pengo lake halikuzibika upesi. Mwigizaji aliyetaka kuweka akiba alikuwa na njia moja: aondoke.

Sara aliondoka zaidi ya mara moja, na safari iliyomlipa ilikuwa ya Peg o' My Heart. Tamthilia hiyo ya J. Hartley Manners inamhusu msichana maskini wa Kiayalandi anayepelekwa kuishi na ndugu matajiri Uingereza, na kwa ukarimu wake na ulimi wake mtundu anawashinda wote. Ni tamu kama asali, na ni aina ileile ya Uayalandi wa kuchekesha na kulegeza moyo ambao Yeats na Lady Gregory walisema tangu 1897 kwamba wanaanzisha ukumbi wao ili kuupinga. Sara, mwigizaji mkuu wa ukumbi huo, akiwa na miaka 35 hivi, alivaa nguo za msichana wa miaka 18 akaenda kujaza kumbi za Australia na New Zealand.

Huko Australia, mwaka 1916, aliolewa na Gerald Henson, mwigizaji mwenzake katika tamthilia hiyo. Mapema 1918 alijifungua mtoto wa kike ambaye hakuishi. Novemba mwaka huo homa ya mafua iliyokuwa ikiua watu dunia nzima ilimchukua Henson mjini Wellington. Mwaka huohuo pia ndipo ilipotoka filamu yake ya kwanza, filamu bubu ya Australia iitwayo Just Peggy. Hakuolewa tena.

Juno

Alirudi, akafanya kazi London, kisha Dublin. Na tarehe 3 Machi 1924 Abbey ikaonyesha Juno and the Paycock ya Sean O'Casey.

O'Casey hakuwa mtu wa mashairi ya malkia. Alikuwa kibarua wa Dublin, mtoto wa mitaa ya maskini, na aliandika juu ya vyumba vya kupanga alivyovijua. Mwaka ni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe. Juno Boyle anafanya kazi na kulisha nyumba nzima. Mumewe, anayejiita Kapteni, ni mtu wa baa ambaye miguu humuuma kila akisikia kuna kazi. Binti yao yuko kwenye mgomo. Mtoto wa kiume, Johnny, amepoteza mkono vitani na amekaa ndani akiogopa kila hodi, kwa sababu kuna siri: amemchongea mwenzake, kijana wa jirani, naye ameuawa. Halafu inakuja habari ya urithi. Wanakopa samani, wanakopa gramafoni, wanaimba. Urithi hakuna. Samani zinabebwa. Binti ana mimba na aliyempa ametoroka. Johnny anachukuliwa na wenzake wa zamani na kupigwa risasi.

Tazama alichopewa Sara katika tendo la mwisho. Juno anaitwa akautambue mwili wa mwanawe. Kabla ya kutoka anamkumbuka mama wa yule kijana wa jirani, aliyeshuka ngazi zilezile miezi miwili nyuma akienda kumzika wake, na anajilaumu kwamba hakumwonea huruma ya kutosha, kwa sababu wakati ule marehemu alionekana ni mtu wa upande fulani, si mtoto wa mtu. Kisha anasali: mioyo ya mawe iondolewe, watu wapewe mioyo ya nyama. Anatoka. Chumba ni kitupu. Na hapo anaingia mumewe na rafiki yake, wamelewa chakari, hawajui lolote, wanabwabwaja kwamba dunia imeharibika.

Maelezo ya O'Casey yanasema Juno ana miaka 45. Sara alikuwa wa rika hilohilo. Baada ya miaka ya wajane alipokuwa kijana na wasichana alipokuwa mtu mzima, hatimaye umri wake na wa mhusika vilikutana. Na mtindo wa Frank Fay, wa kusimama na kuacha sauti ifanye kazi, ulipata maneno yaliouhitaji. Kapteni alichezwa na Barry Fitzgerald, ambaye alikuwa bado mtumishi wa serikali mchana na mwigizaji usiku. Tamthilia iliongezewa wiki ya pili, jambo ambalo Abbey haikuwa na mazoea nalo. Wanasema Juno iliuokoa ukumbi usifilisike, na mwaka uliofuata serikali mpya ya Ayalandi ikaanza kuupa ruzuku, pauni 850.

Swali linalowasumbua wengi ni kwa nini hakubaki hapo. Jibu ni hizohizo pauni 850. Novemba 1925 Juno ilifunguliwa London, na London ililipa. Sara akaenda nayo, akafuatia na tamthilia nyingine ya O'Casey, The Plough and the Stars, mwaka 1926, akawa miongoni mwa kundi la Waayalandi waliozunguka na tamthilia hizo Uingereza na Marekani mwaka hadi mwaka. Akiwa na wimbo mmoja mkubwa, aliuimba popote alipoalikwa. Lakini kila alipouimba alizidi kuwa Juno, na nje ya Juno hakuna aliyemfikiria.

Pua ya mtu wa vifaa

Sinema ya sauti ilipoingia Uingereza, mwongozaji filamu Alfred Hitchcock alimtumia Sara katika Blackmail ya 1929 kama mama wa msichana mwenye kosa la kuua, mwenye duka la sigara na magazeti. Mwaka uliofuata Hitchcock akaipiga Juno yenyewe katika studio za Elstree, Sara akiwa Juno.

Wakati huo hapakuwa na namna ya kuchanganya sauti baadaye. Kila kinachosikika ilibidi kitokee palepale, kwa wakati uleule, mbele ya maikrofoni. Katika tukio ambapo familia imekaa karibu na gramafoni na nje inapita maiti, Hitchcock alisimulia baadaye kwamba alikuwa na orkesta ndogo studioni, milio ya risasi, sauti za waombolezaji na waigizaji wenyewe, vyote kwa pamoja. Santuri waliyoihitaji hawakuipata, basi mtu wa vifaa aliimba huku amejibana pua ili sauti itoke kama ya gramafoni. Katikati ya zogo hilo Sara alitakiwa awe mama aliyekaa sebuleni kwake, na hivyo ndivyo anavyoonekana.

Wahakiki waliisifu filamu hiyo. Hitchcock mwenyewe aliona aibu, kwa sababu aliamini sifa zilikuwa za tamthilia na waigizaji, si za sinema. Katika mji wa Limerick waliokasirishwa na filamu hiyo waliichukua kutoka ukumbini wakaichoma barabarani. Nakala nyingine zilibaki, kwa bahati yetu: ndiyo rekodi pekee ya Juno wa Sara akiwa bado na nguvu zake. Kazi ya jukwaani haiachi kitu. Abbey yenyewe, yale mbao alizosimama, iliungua mwaka 1951.

Miaka ya 1930 iliendelea hivyo, filamu ndogondogo za Uingereza na jukwaa. Mapema 1940 alikwenda New York kucheza Juno tena, na Barry Fitzgerald tena. Alikuwa na miaka 60 hivi, vita vimeanza Ulaya, kumbi za London hazina uhakika. Hollywood ilikuwa upande wa pili wa nchi hiyohiyo.

Mwaka 1941 ulikuwa wake. Alikuwa mama wa Vivien Leigh katika That Hamilton Woman, halafu mwongozaji John Ford akampa Beth Morgan katika How Green Was My Valley, mama wa familia ya wachimba makaa ya mawe wa Wales. Ilikusudiwa kupigwa Wales, vita vikazuia, kijiji kikajengwa kwenye vilima vya Malibu, na Waayalandi kadhaa wakawa watu wa Wales: Sara, Barry Fitzgerald, nduguye Arthur Shields, na Maureen O'Hara aliyekuwa na miaka 20 au 21. Kuna mahali Beth amekaa mlangoni, amevaa aproni nyeupe, na mume na wana wanarudi kutoka mgodini wakiangusha mishahara mmoja baada ya mwingine kwenye mapaja yake. Hasemi karibu lolote. Kuna mahali pengine anapanda mlima usiku wa theluji kuwaambia wachimbaji wanaomnong'ona mumewe kwamba atakayemgusa atamuua kwa mikono yake, na unamwamini. Filamu ilipata Oscar tano, ikiwemo ya filamu bora. Sara aliteuliwa mwigizaji msaidizi bora wa kike. Tuzo ikaenda kwa Mary Astor.

Mkataba unavyofanya kazi

Mtu angedhani baada ya hapo milango ingefunguka. Ilifunguka, ila tuangalie ilielekea wapi.

Kampuni kubwa za Hollywood wakati huo ziliwaajiri waigizaji kwa mikataba iliyoweza kufika miaka saba. Mkataba haukuwa wa miaka saba kwa mwigizaji. Ulikuwa hivyo kwa kampuni tu. Kila baada ya kipindi fulani kampuni ilikuwa na hiari ya kuendelea naye au kumwacha, yeye hana hiari hiyo. Wiki nyingi za mwaka analipwa, nyingine anakaa bila malipo. Akikataa sehemu aliyopangiwa anasimamishwa, na muda aliosimamishwa unaongezwa mwishoni mwa mkataba. Ilihitaji kesi ya mwigizaji Olivia de Havilland, iliyoamuliwa 1944, kuukomesha mchezo huo wa kuongeza muda. Kampuni pia inaweza kumwazima mwigizaji kwa kampuni nyingine na kula faida.

Ndani ya mfumo huo kulikuwa na nyota wachache, na chini yao jeshi la waigizaji wa aina maalumu: huyu polisi, huyu mnyweshaji wa matajiri, huyu jirani mbeya. Walilipwa kwa wiki na waliruka filamu hadi filamu. Faida ya kampuni iko kwenye haraka: mtazamaji akimwona tu anajua ni nani, hakuna haja ya kumweleza. Mwanamke wa miaka 60 mwenye lafudhi ya Dublin alikuwa na kabati lake tayari. Marekani majumba ya wenye nacho yalikuwa yameajiri wasichana wa Kiayalandi kupika na kufua kwa vizazi, hivyo kabati hilo lilikuwa jikoni. Sara akawa mtumishi Bessie katika Jane Eyre, mwenye nyumba ya kupangisha katika The Lodger, nesi katika The Spiral Staircase, msimamizi wa watumishi katika Cluny Brown. Katika baadhi yake ni mzuri kuliko filamu yenyewe, jambo ambalo halimsaidii mtu kwenye malipo.

Hapa ndipo Barry Fitzgerald anapotusaidia kuona sawasawa. Yeye na Sara walitoka ukumbi mmoja, tamthilia moja, lafudhi moja, na walifika Hollywood wakiwa wote wamepita ujana. Ikiwa tatizo ni Hollywood kutopenda Waayalandi wazee, lingewakuta wote. Fitzgerald alichezeshwa padri mzee mkaidi katika Going My Way ya 1944, akateuliwa kwa sehemu hiyohiyo moja katika tuzo mbili tofauti za Oscar, akashinda ya mwigizaji msaidizi. Mwanamume mzee wa Kiayalandi aliweza kuwa padri, mlevi mwenye hekima, hakimu, mpelelezi. Watu hao wana hadithi zao. Mwanamke mzee aliweza kuwa mama au mpishi, na mama yuko pale kwa ajili ya hadithi ya mwanawe. Katika Juno mambo yalikuwa kinyume: Kapteni ndiye kichekesho na Juno ndiye uti wa mgongo. Hollywood ilimchukua Kapteni ikamwacha Juno.

Wengine huuliza kwa nini hakurudi kwao vita vilipokwisha. Mwaka 1945 alichukua uraia wa Marekani, na sidhani ni kwa mapenzi tu. Abbey ya miaka ile ilikuwa chini ya Ernest Blythe, aliyeshika uongozi 1941 na kusisitiza waigizaji wapya wajue Kiayalandi. Hapakuwa na anayemngoja bibi wa miaka 65 aliyetoka Hollywood. London alikuwako Molly, anaigiza kwa shida na kuhangaika na maisha. Naye alifariki 1952. Sara akabaki pale penye hundi, hata ilipokuwa ndogo. Tarehe 13 Septemba 1950 moyo ulisimama, huko Woodland Hills. Aliacha mswada wa kumbukumbu zake ambao haukuchapishwa; uko katika Maktaba ya Umma ya New York.

Kwa anayetaka kumwona mwenyewe, ningeshauri asianze na Bi Monahan. Juno ya Hitchcock ni ya kuvumilia; kamera imekaa kama imefungwa, sauti inakwaruza, na nusu ya kwanza unaweza kusinzia. Fika kwenye dakika za mwisho, baada ya samani kubebwa, halafu funga macho uisikilize ile sala bila picha. Kisha nenda kwa Ford, How Green Was My Valley, umwone usoni. Blackmail ni ya tatu, kwa ajili ya duka lile la sigara. My Wild Irish Rose ya 1947 waachie wanaopenda nyimbo.